Kiti cha Alex

Kiti kilikuwa kimelowa. Stefania aliketi juu yake asubuhi ya kwanza kazini, akahisi maji ya baridi yakipenya sketi, akaruka. Nje kilikuwa kiangazi kikavu, upepo wa Sumbawanga ukizungusha vumbi barabarani, na bati la ofisi halikuwa limeonja mvua kwa muda mrefu.

"Futa tu, mwanangu," alisema Mama Alex bila kugeuka. "Hicho kiti ndivyo kilivyo."

Stefania akafuta, akakaa. Angefanya nini? Alikuwa amemaliza kidato cha nne huko kwao Msanzi, chuo hakukipata, na huyu mama wa Kinyakyusa aliyewatengenezea wauza nafaka programu za kompyuta ndiye pekee aliyekubali kumchukua awe mwanagenzi wake. Jina hasa la Mama Alex lilikuwa Atusaye. Kazi hiyo aliifanya pamoja na mwanawe Alex, mpaka kijana alipokwenda Kasanga kufunga kompyuta kwenye ghala la bandarini, akapanda boti, na boti ikapinduka ziwani. Mwili haukuonekana. Kompyuta ya Alex haikuzimwa tangu siku ile, na hapo ndipo Stefania alipopangiwa kukaa.

Alijifunza kwa bidii. Lakini kila alipokwama, akatoka kwenda kununua chai, alikuta mstari wa programu uliomshinda umeshanyooshwa, na chumba kinanuka samaki wabichi na tope. Siku moja Mama Alex aliinama kusoma kioo cha kompyuta, akaufuata mstari mmoja kwa kidole.

"Umeandika wewe hii?"

"Hapana, mama. Nimeikuta."

"Alex ndivyo alivyokuwa akiandika," alinong'ona yule mama, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Jioni moja, jua likiwa bado kwenye vilima, vidole vya Stefania vilianza kukimbia vyenyewe juu ya vitufe, haraka kuliko alivyowahi kuandika, naye akajaribu kuviondoa vikakataa, akajaribu kupiga kelele, koo likajaa kitu kizito chenye ladha ya ziwa, na kinywa chake mwenyewe kikafunguka kikatoa sauti ya kijana wa kiume, sauti ya chini, iliyochoka.

"Mama. Nasikia baridi."

Mama Alex alidondosha kikombe. Akapiga magoti, akamkumbatia binti wa watu kwa nguvu, akalia kilio cha mtu aliyesubiri muda mrefu.

Tangu hapo, kila jioni ilikuwa, "Kaa kidogo, mwanangu. Kidogo tu." Stefania hakujua anayebembelezwa ni yeye au yule mwingine. Alikonda. Alikohoa maji yenye harufu ya mwani. Hata hivyo hakuondoka, kwa sababu mchana Mama Alex alikuwa mwalimu ambaye hakuwahi kumpata maishani, mvumilivu, anayerudia jambo bila kukunja uso, na Stefania alikuwa ameanza kuziona programu zikifanya kazi kwa mikono yake. Akiondoka, angerudi kupalilia ulezi tu.

Mama yake, Agnesi, ndiye aliyekuja kumjulia hali akamkuta na midomo ya bluu. Hakuuliza mengi. Alirudi Msanzi, akaja na mganga, mzee Zenon, aliyebeba chetezo na rozari.

Mzee alifukiza majani mpaka chumba kikawa cheupe kwa moshi. Stefania akaanza kutetemeka kwenye kiti.

"Wewe ni nani?" aliuliza mzee.

"Alex."

"Mama yako ulikuwa ukimwitaje?"

"Mama," ilijibu ile sauti.

Zenon alimwona Mama Alex akiinamisha kichwa kwa jibu hilo, akamgeukia. Aliongea polepole, kama anayeleta habari za msiba. "Huyu si mwanao, mama. Ni jini la ziwani. Limemkuta majini, likavaa sauti yake."

"Najua, baba."

"Unajua?"

"Nilijua siku ile ile. Alex hakuniita mama hata siku moja. Tangu mdogo alikuwa akinitania, ananiita Atu." Machozi yalimdondoka. "Lakini sauti ilikuwa yake, baba. Sauti ilikuwa yake kabisa."

Agnesi alimshika mkono. "Mama Alex, nakuomba. Na mimi ninaye huyu mmoja."

"Wewe ndiye uliyelikaribisha," mzee alimwambia Mama Alex. "Wewe ndiye wa kulitoa."

Mama Alex aliushika uso wa Stefania kwa viganja viwili, akaukazia macho, akasema, "Toka. Mwache mtoto wa watu." Kisha akaongeza neno la Kinyakyusa, kwa upole mno, na hakuna mwingine mle ndani aliyelielewa. Maji yakamtoka Stefania puani na mdomoni, meusi, mengi, akaanguka mikononi mwa mama yake.

Alipona. Huko Msanzi alilala, akala, akarudiwa na rangi yake. Mama yake hakutaka arudi, lakini Stefania alisisitiza: kazi hajaimaliza, na yule mama amebaki peke yake.

Aliwasili ofisini asubuhi, mlango wazi. Mama Alex alikuwa kwenye kompyuta ya mwanawe, amempa mgongo, anaandika kwa kasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," ilijibu sauti ya kijana.

Stefania akasimama kizingitini. Mama Alex akageuka taratibu. Mashavu yalikuwa yamembonyea, midomo ya bluu, lakini alikuwa anatabasamu, na sasa aliongea kwa sauti yake mwenyewe.

"Usiogope. Mimi ndiye niliyeliita, kwa lile neno la Kinyakyusa. Sasa linaniita Atu."

"Mama, twende kwa mzee Zenon. Twende sasa hivi, nitakushika mkono."

"Nenda, mwanangu. Kazi umeshaijua. Usirudi hapa tena."

Stefania alitaka kumshika, akashindwa kuinua mguu. Mama Alex alikuwa ameshageukia kioo cha kompyuta.

"Atu," ilisema ile sauti, "ulikuwa unaongea na nani?"

"Hakuna mtu, baba," alijibu yule mama. "Endelea."

Stefania akaurudisha mlango, akaegemea ukuta wa nje, akalia mbele ya wapita njia.