Slivu Iliyong'aa Kupita Kiasi

Hakuna mtu Adungosi nzima aliyejua kung'arisha chuma kumshinda Adeke. Aliyesema hivyo ni Adeke mwenyewe, na hakuwa ameulizwa.

Kila jioni baada ya shule alifagia kisiagi, mashine ya kusaga mahindi ya mama yake, Petronilla, huku mawazo yamekwenda matembezi. Jumatano hiyo injini ilikuwa imefunguliwa. Mezani palisimama slivu mpya, lile bomba pana la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Mama aliinunua Malaba, dukani kwa mzee Oriokot. Adeke akachungulia ndani. Mikwaruzo midogo ilipishana kote kama nyuzi za gunia.

"Mama ameuziwa kitu kilichochezewa na paka," akawaza.

Akachukua msasa laini, akaanza kusugua. Malori ya barabara ya Malaba yalikoroma kwa mbali kama watu waliolala. Adeke akajiona ameketi juu ya pistoni, akiteleza hewani juu ya mashamba ya mihogo hadi ng'ambo ya mpaka, na hakuna askari aliyemwomba kitambulisho. Aliporudi duniani, slivu ilikuwa kioo. Akaichekea, ikamwonyesha meno yake.

Kesho yake mjomba Okwakol, fundi wa injini, aliunganisha kila kitu. Kisiagi kikasaga kidogo tu, kisha kikachemka na kutoa moshi wa bluu. Okwakol akakizima haraka. Wateja wakabeba mahindi yao kwenda kisiagi cha jirani, mama akiwatazama.

"Hii slivu ni laini mno," Okwakol akasema baada ya kuifungua. "Hiyo ndiyo shida."

"Laini si ndiyo nzuri, mjomba?"

"Hapana. Slivu nzuri ina mikwaruzo ndani, nayo ni vijifereji. Oili inalala humo, pistoni inapita juu yake bila kuumia. Ukiifuta, oili haina pa kulala. Chuma kinakula chuma."

Adeke akayaona matone ya oili yakizurura gizani, kila moja na mkeka wake kwapani, yakibisha milango isiyofunguliwa.

"Kumbe Oriokot ameniuzia takataka," mama akasema. Kila mteja aliyepita, mama alimwambia asinunue kitu kwa Oriokot.

"Watu wa Malaba, mama," Adeke akasema. "Hawana huruma."

Okwakol akafunga jiwe la kukwaruzia kwenye drili, akalipandisha na kulishusha ndani ya slivu likizunguka, mpaka mikwaruzo ikarudi. Jioni kisiagi kilinguruma vizuri, na unga ukatoka wenye joto.

Mama akatoa simu kumpigia Oriokot. "Kukosea ni kawaida," akasema huku akitafuta namba. "Lakini mwenye kosa aseme mapema, mwingine asichafuliwe jina bure."

Adeke akatikisa kichwa kukubali, tena kwa nguvu.

Gaudencia, mteja aliyekuwa akikung'uta unga mikononi, akamtazama. "Basi muulize huyo anayetikisa kichwa. Jana jioni nilikuja kuuliza kama injini imepona, nikamkuta anasugua hicho chuma na kukichekea. Nilimsalimia, hakunisikia."

Okwakol akageuka. Mama akamnyooshea Adeke simu.

"Inaita," akasema. "Zungumza naye."