Waya Usiofika Nguzoni

Jambo la kwanza kuharibika katika nyumba ile halikuwa taa wala soketi, bali ulimi wa mama mkwe. Mwanamke yule hakuwahi kunywa chai ya mke wa mwanawe bila kuitolea kasoro, lakini siku hiyo alikunywa kikombe kizima, akakirudisha, akanyamaza. Mke wa mwanawe, mshonaji wa nguo, alisimama na sinia mkononi akingoja kuambiwa sukari imezidi. Hakuambiwa kitu. Wake wengine wangeshangilia, yeye aliogopa. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na miaka yote ya ndoa yao bibi huyu mwenye maneno ya pilipili ndiye aliyekuwa mama yake, rafiki yake na mgomvi wake. Hakuwa tayari kumpoteza.

"Unaumwa, mama?"

"Nimechoka tu, mwanangu. Zima hiyo taa, inaniumiza."

Ilikuwa mchana, mvua imetanda, taa ya chumbani inawaka. Mshonaji alibonyeza swichi. Akabonyeza tena. Alikwenda hadi kwenye swichi kuu iliyo karibu na mlango, akaishusha. Taa iliendelea kuwaka.

Alimpigia simu mwenye nyumba.

"Ripoti ya ukaguzi si niliwapa siku mnahamia?" mwenye nyumba alisema. "Ina muhuri, ina saini. Umeme ni salama."

"Kuna harufu ukutani, baba. Kama nywele zinaungua."

"Basi acheni kuchoma nywele." Akakata simu.

Mshonaji alifungua droo, akaitoa ripoti na kuisoma upya. Kila kitu kilikuwa kizuri, kila soketi imepita, hata ile ya jikoni ambayo ilikuwa imepasuka katikati na mtoto mdogo angeiona. Huyu mkaguzi, aliwaza, alikagua akiwa amefumba macho au amefumbwa. Alijitanda khanga, akatoka kuzunguka nyumba ili aone waya unapitia wapi.

Aliuona nyuma, chini ya ukingo wa paa. Ulitoka ukutani, ukaning'inia kiasi cha mkono mmoja, na ncha yake ilikuwa imefungwa kwa utepe mweusi uliopauka kwa jua la miaka. Nguzo ilikuwa ng'ambo ya barabara. Kati ya nguzo na nyumba hapakuwa na kitu, ila mvua.

Hapo ndipo aliposikia cherehani yake, ile ya umeme aliyoichomoa na kuifunika tangu asubuhi, ikishona ndani ya nyumba, taratibu kwanza, kisha mbio.

Alirudi ndani akikimbia. Taa ya chumbani ilikuwa imezidi kuwa nyeupe, na kadiri ilivyokuwa nyeupe ndivyo midomo ya mama mkwe ilivyopauka, na sasa alielewa, bila kuelezwa na mtu, umeme ule ulikuwa unatoka wapi. Alimwinua bibi yule, mwepesi kuliko alivyopaswa kuwa, akamburuta hadi mlangoni, lakini alipoweka mguu mmoja nje mwili wa mama mkwe ulikakamaa kama ubao, pumzi ikakatika, na ukutani kukasikika sauti ya kunyonya, ya polepole, kama ya mtu anayemaliza uboho wa mfupa. Akamrudisha kitandani. Pumzi ikarudi.

Walikuwa wamefungwa, na mlango uko wazi.

Namba ya mkaguzi ilikuwa chini ya ripoti. Mshonaji akampigia. Aliposikia ni nyumba gani alisema hana nafasi, lakini alikuja, akasimama kizingitini na mkoba wake wa vifaa, hataki kuingia.

"Waya haujaungwa," mshonaji alimnong'oneza. "Ulilijua hilo?"

"Nililijua, dada."

"Na ukaandika salama."

Mkaguzi alitazama miguu yake. "Nilipima, kila soketi ikaitika. Vidole vikafa ganzi. Nikataka kutoka, mlango ukagoma. Kitu kikaniambia kutoka ukutani: andika, watu waje. Nilipotia saini, mlango ukafunguka."

"Kwa hiyo ulitoka kwa kutuingiza sisi."

"Nina watoto, dada."

"Na mimi nina mama." Mshonaji hakupandisha sauti. "Umeandikia humu ndani, utafutia humu humu. Njoo umtazame usoni."

Aliingia. Huenda ilikuwa soni, huenda ni ile sura ya bibi wa watu. Aliiweka ripoti juu ya cherehani, akatoa kalamu, na alipoanza kuikata saini yake taa zote za nyumba, hata zile zisizokuwa na balbu, zilianza kuvuma. Mdomo wa mama mkwe ukafunguka, ulimi haukutikisika, na sauti isiyokuwa yake ikatoka humo kwa upole wa mwenyeji anayekaribisha mgeni:

"Ukiifuta, utakaa wewe."

Mkaguzi aliikaza kalamu. Machozi yalimtoka. Alimalizia kuikata.

Mama mkwe akavuta pumzi kubwa, akakohoa. Mshonaji hakungoja, alimbeba mgongoni kama mtoto, akashika njia ya mlango, na nyuma yake akamsikia mkaguzi akisema, kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba maji, "Dada, miguu haitoki, nipe mkono," na alipogeuka alimwona amenyoosha mkono, karibu kabisa, karibu kiasi kwamba angemtua bibi chini kwa dakika moja tu angeufikia, na aliona pia mlango ukianza kujifunga wenyewe, na alijua kwamba hiyo dakika moja hana, au labda anayo, na hakutaka kujua zaidi. Akatoka. Mlango ukajifunga nyuma yake, na madirisha yote yakang'aa.

Jioni, nyumbani kwa dada wa mshonaji, mama mkwe alifumbua macho. Rangi ilikuwa imemrudia. Mshonaji aliketi pembeni yake, na kwenye mapaja yake simu ilikuwa ikitetemeka, ikinyamaza, ikianza tena. Namba ilikuwa ya mkaguzi. Aliona aibu, na bado mkono wake haukusogea kuipokea.

"Yule kijana aliyetuokoa," mama mkwe aliuliza, "alitoka?"

Mshonaji aliigeuza simu kifudifudi.

"Alitoka, mama. Nilimwona kwa macho yangu."

"Mungu amlipe," alisema mama mkwe, akajifunika shuka, akalala.