Risasi Isiyopita Kwenye Mtutu

Jua lilikuwa linazama Torbjørg alipokwenda kwa jirani yake, bibi kizee Guro, kuchukua maziwa ya mbuzi. Tumbo la mumewe, Embrik, lilikuwa halikubali kitu kingine.

Embrik alianguka malishoni siku tisa zilizopita. Hospitali walimtoa risasi chini ya ubavu, wakabaki kutazamana. Ilipoingilia hapakuonekana. Ngozi nzima, hata mchubuko hakuna. Tangu hapo alizidi kukauka.

Miaka ishirini Torbjørg alikuwa mtambuzi wa risasi jeshini, zile za majaribio ambazo hazimo kwenye kitabu chochote. Hii aliiomba, akaipima, akaikata kwa msumeno. Haikuwa na alama ya mtutu. Hakuna bunduki iliyowahi kuifyatua. Na ndani yake...

Nywele. Za mvi, zimesokotwa.

Guro alimsikiliza akisimulia, chupa ya maziwa mkononi.

"Kuna risasi nyingine," alinong'ona. "Inakuja leo, kabla giza halijaingia."

"Nifanyeje, mama? Mume wangu anakwisha!"

"Rusha chuma juu ya kifua chake. Usikose."

"Nani anampiga?"

"Nenda, mwanangu. Muda huna."

Torbjørg alikimbia. Maziwa yalimwagikia njiani, hakujali. Alichukua visu vyake vya kurushia, vitatu, vizito, vya chuma cha springi. Miaka kumi vilikuwa vikikita kwenye magogo bila kumeguka.

Embrik alilala kando ya dirisha, midomo imemkauka.

"Unasikia?" aliuliza. "Kuna mluzi..."

Aliusikia. Mwembamba, kutoka msituni. Ukakaribia. Chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua.

Akarusha kisu cha kwanza. Kikapita juu ya kifua, kikakita ukutani. Mluzi uliendelea.

Akarusha cha pili. Bure.

"Mungu wangu, usininyang'anye huyu..." Machozi yalimziba macho, kiganja kimelowa jasho.

Mluzi ulifika dirishani.

Akarusha cha tatu.

Kling!

Kiligonga kitu hewani. Kioo cha dirisha kikapasukia nje. Halafu kimya.

Kisu alikikuta sakafuni. Ncha imemeguka. Kina damu, na haikuwa ya Embrik.

Usiku ule Embrik aliomba uji, akaumaliza.

Asubuhi Torbjørg alipeleka kahawa na jibini kwa Guro, kumshukuru. Mlango ulikuwa wazi. Bibi kizee alikuwa kitandani, amejifunga kitambaa begani, kimelowa damu.

Kifurushi kilimponyoka Torbjørg.

"Ni wewe?"

"Umelenga vizuri, mwanangu. Nilikuwa naomba usikose."

"Embrik alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Nilitumwa, na sikuweza kukataa."

"Na nani? Mama, na nani?"

Guro aligeuzia uso ukutani.

"Sasa aliyenituma atakuja mwenyewe."