Wimbo wa Shangazi Niliouiba Kwenye Kupamba

"Wallahi ni mimi, shangazi! Mimi ndiye niliyerekodi!"

Jamani, hayo maneno hayakutoka kinywani mwangu. Yalitoka kwa Widad, binti wa ami yangu, amepiga magoti katikati ya sebule huku akina mama wote wakimtazama.

Na alikuwa anadanganya...

Aliyerekodi ni mimi. Nilikuwa nimesimama pale pale karibu na friji, nimeshika glasi ya maji.

Nikanyamaza!

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa. Naitwa Raihana, wa Muyeye hapa Malindi. Mimi na Widad tunaishi nyumba moja, ya babu yetu. Mwaka huu baba alikubali, kwa shingo upande, nijifunze kurekodi muziki kwenye studio ya Adnan. Sharti lake moja tu.

"Nikisikia aibu, hata ndogo, umemaliza."

Adnan alinianzisha na mambo ya mwanzo. Maiki ikae shubiri moja kutoka mdomoni. Sauti isipande mpaka taa ikawa nyekundu, maana iliyopasuka haitengenezeki. Nikaipenda kazi hiyo kuliko chakula! Kisha akanipa zoezi.

"Lete sauti ya kwetu, ya kweli. Uipigie biti."

Nikaijua papo hapo. Shangazi Mwanasiti! Akiimba kwenye harusi, hata wagonjwa huinuka wakacheza.

Kwa wasiojua mambo yetu, kupamba ni shughuli ya bibi harusi, ya wanawake watupu. Mabuibui yanavuliwa, watu wanacheza, nyimbo za mafumbo ya chumbani zinaimbwa. Hakuna mwanamume, hakuna kamera. Simu unaiacha mlangoni. Siku niliyokwenda kumnasa shangazi, aliyeshika mlango, na kikapu cha simu, alikuwa Widad.

Simu yangu niliitia kikapuni vizuri tu. Kinasa sauti cha Adnan kilikuwa ndani ya mkoba.

"Na humo mkobani?"

"Poda na wanja. Wanipekua mimi, Widad?"

Akacheka. "Haya pita, mama wee."

Basi nikapita.

Kule studio, biti na sauti ya shangazi vilishikana vizuri hadi Adnan akavua hedifoni.

"Huyu mama amekubali?"

"Amekubali."

Yaani uongo ulitoka laini, wala sikumeza mate! Adnan akauweka wimbo mtandaoni. Haikupita wiki, tuktuk zote za Muyeye zinaupiga. Vijana wakawa wanaimba mafumbo ya shangazi kwa kinyozi, na mwanawe mwenyewe yuko kwenye kiti ananyolewa!

Shangazi akajifungia ndani. Alipotoka, akamwita aliyeshika mlango. Ndipo Widad akaapa.

Nilimfuata uani.

"Kwa nini, Widad?"

"Shh! Nani mwingine ukoo huu anajua kuupigia wimbo biti? Nilijua tu ni wewe. Baba'ko akisikia, atakutoa studio."

"Niende niseme?"

"Usiseme. Mimi watanigombeza, kisha watasahau."

Na mimi nikashukuru. Mnanisikia? Nikashukuru, nikaenda zangu studio!

Hawakusahau. Widad alikuwa ameposwa na Uweis, kijana mmoja mpole sana. Mama yake akaleta ujumbe kwamba posa isimame kwanza. Asiyeweza kulinda siri za wanawake wenzake atailindaje nyumba?

Widad akawa anakula matonge mawili, anaosha mikono. Mimi nikivaa hedifoni nasikia kile kiapo chake. Hata usingizi ukanihama.

Mwisho nikashindwa. Nilianza na Adnan. Hakunifokea, aliufuta wimbo tu.

"Kwenye kompyuta ukikosea, unabonyeza unarudi nyuma," alisema. "Huko nje hamna cha kubonyeza, Raihana."

Na kweli, watu walikuwa wameshaupakua, wanarushiana.

Jioni nikamwambia baba na shangazi. Shangazi alilia kimya kimya. Baba alisema neno moja tu, "Umemaliza." Sikubisha. Kwa mara ya kwanza nikahisi nimetua mzigo, nikamwomba shangazi twende kwa kina Uweis tumsafishe Widad.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni."

Nikamweleza mama yake Uweis yote. Mkoba, uongo, kunyamaza kwangu. Nililia mpaka mtandio ukalowa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo Widad hakurekodi?"

"Hakurekodi, mama! Hana hatia hata chembe!"

"Lakini aliapa wallahi."

Akanisogezea kiti, akaendelea.

"Mwanangu, la kurekodi nilikuwa nimeshamsamehe. Msichana akikosa, kisha akakiri mbele ya watu, huyo ni wa kulea. Nilishamwambia Uweis, Ijumaa hii tunakuja kwenu kuifufua posa." Akashusha pumzi. "Sasa waniambia alimtaja Mungu kwa uongo. Kesho atamwapia mwanangu nini?"

Jamani! Nilimwangukia miguuni. Nikasema aliapa kwa ajili yangu, kwa mapenzi. Akaniinua kwa upole.

"Ungekuja siku ile ile, lawama ingekuwa yako peke yako. Mwenzio asingehitaji kuongeza neno."

Posa ikavunjika kabisa. Si kwa uongo wangu, ni kwa ukweli wangu uliochelewa!

Nilipofika nyumbani, Widad alikuwa anasukuma chapati.

"Umefika kwao?"

"Nimefika."

Aliniangalia usoni, akajua. Akarudi kusukuma chapati, taratibu zaidi.

Ndugu zangu, sauti ya mtu ni mali yake, muombe kwanza. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla anayekupenda hajaanza kuapa kwa niaba yako.

Wala msiniandikie kwenye komenti eti nijisamehe. Widad bado ananipakulia chakula kila siku, na ananipa kipande kikubwa. Hicho ndicho kinachoniua.