Waliobaki Kazini

Jioni ile nilipanda ghorofa ya kumi na tisa kumwaga takataka.

Hiyo ndiyo kazi niliyotumwa. Ilikuwa siku ya mwisho ya kazi kabla ya Mwaka Mpya, na mji mzima wa Chongqing ulikuwa unarudi kwao vijijini. Tangu mchana watu walikuwa wakiburuta masanduku kwenye ngazi za mtaa. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni, taa za barabarani zikawashwa mapema.

Mlangoni alikaa Mzee Mou, mlinzi, na kikombe chake cha pombe kali alichokificha nyuma ya chupa ya chai.

"Shangazi Qin," akaniita, "hata hiyo ndoo yako imeshakata tiketi ya treni. Wewe unangoja nini?"

"Nimebakiza ghorofa moja, Mzee."

"Ipi?"

"Ya kumi na tisa."

Akaacha kucheka. Akatazama saa yake.

"Saa moja kamili nazima lifti. Ikikukuta juu, utashuka kwa miguu na hayo magoti yako. Usiseme sikukwambia."

"Magoti yangu yamelima mlimani miaka thelathini. Wewe linda kikombe chako."

Hakujua kwamba mwanangu alikuwa akifanya kazi ghorofa ile. Sikuwa nimemwambia mtu.

Mwanangu aliitwa Ran Bolin. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kijijini kwetu walinitania kwamba nilimzaa peke yangu bila msaada wa baba yake, kwa jinsi uso wake ulivyokuwa uso wangu. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja, kwa mshahara wa yuan elfu tano kwa mwezi. Katika mji ule, mwenye elfu tano si maskini, lakini hapumui. Elfu moja na mia moja zilikwenda kwa mwenye chumba, nacho ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao vikawa vitatu, dirisha linatazama ukuta. Elfu moja na mia tano alinitumia mimi. Kwa zilizobaki alipanda treni, alinunua tambi asubuhi, na jioni alichemsha kabichi kwenye chungu cha umeme. Nilipomwambia apunguze zangu, alisema, "Mama, sasa nitakuwa nafanya kazi ya nini?"

Alibaki ofisini kila jioni ili asipungukiwe. Alijipaka mafuta ya mnanaa kwenye panja asisinzie.

Siku moja kifua kilimbana. Akaondoka bila kumuaga mtu, akaenda chumbani kwake, akalala. Asubuhi hakuamka.

Majivu yake niliyazika nyuma ya nyumba yetu, penye michungwa. Usiku wa saba roho hurudi kuaga, basi nikamwacha mlango wazi, nikanyunyiza majivu ya jikoni kizingitini nione nyayo zake. Kulipokucha, majivu yalikuwa hayajaguswa. Wiki ya pili hivyo hivyo. Nikabeba shati lake, nikaenda kwa Bibi Xiang, anayesema na wafu. Alilinusa shati.

"Huyu bado yuko kazini," alisema.

"Kazini? Bibi, nimemzika."

"Umezika majivu. Kamlete mwenyewe, mwisho siku ya arobaini na tisa tangu afe. Ikipita hiyo, atasahau njia, na wewe atakusahau. Shika hilo shati, shuka naye kwa miguu, usigeuke nyuma. Na wewe, Suhua, umwite kwa jina lake kamili. Jina kamili, kila kona. Mjini kuna watu wengi."

Ndiyo maana nilikwenda Chongqing nikaomba kazi ya usafi katika jengo lile. Wakanipa ghorofa za chini. Nikaomba za juu, msimamizi akaniuliza kama huko juu takataka ni tamu zaidi. Jioni ile tu, mwenzangu wa juu alipokwisha kupanda treni yake, ndipo nilipopewa ufunguo wa kumi na tisa.

Ilikuwa siku ya arobaini na tisa.

Ofisini nilimkuta binti mmoja, Leng Jiayi, akifunga sanduku lake kwa haraka. Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho alichovaa shingoni.

"Shangazi, mwaga upesi uondoke," alininong'oneza.

"Kuna nini, mwanangu?"

Akaonyesha kwa kidevu. Ukutani, kando ya mlango wa kutokea, palikuwa na mashine ya kusoma nyuso, kioo chake kama sahani. Asubuhi unaionyesha uso, inakutaja jina. Jioni unaionyesha tena. Usipofanya hivyo, siku yako haijafungwa, na kwao ni kama hukufanya kazi.

"Imeharibika. Kila siku saa kumi na mbili na nusu. Fundi amekuja mara tatu, kila mara anasema nzima."

"Inafanya nini?"

"Inaongea na mtu." Akajaribu kucheka. "Mimi siamini mambo hayo, Shangazi. Nina digrii. Lakini pia nina miguu."

Akasimama mbele ya kioo. Taa ya kijani ikawaka, na sauti laini ya mwanamke ikasema, "Leng Jiayi. Kazi imekwisha. Safari njema."

Magurudumu ya sanduku lake yakaishia kwenye lifti.

Nikabaki peke yangu. Nikamwaga pipa la kwanza. La pili. Meza moja dirishani ilikuwa tupu, na viti vya majirani zake vilikuwa vimesogezwa mbali nayo. Sikuhitaji kuuliza ilikuwa ya nani. Nikatoa tasbihi yangu, nikaanza kutaja jina la Guanyin, Mama wa Huruma, polepole.

Kisha nikasikia harufu.

Mnanaa.

Mashine ikawaka yenyewe. Taa nyekundu. Mbele yake hapakuwa na mtu.

"Uso haujatambuliwa," ilisema. "Tafadhali jaribu tena."

Kimya...

"Sogea karibu. Jaribu tena."

Kimya...

"Jaribu tena."

Ilisema kwa upole, kama mwalimu anayemfundisha mtoto mzito. Mara kumi. Mara ishirini. Shanga zilinitoka mkononi, lakini si kwa hofu tu. Nilikuwa nimeelewa. Siku ile kifua kilipombana, Bolin aliondoka bila kuionyesha mashine uso. Hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Amerudi kuifunga siku yake, na mashine haimjui tena. Jioni arobaini na tisa mwanangu amesimama pale, anaambiwa ajaribu tena.

"Bolin," nikaita.

Mbele ya mashine palikuwa na baridi, kama ile inayotoka kwenye friji la nyama likifunguliwa. Nikavua kofia yangu ya kazi. Nikaingia ndani ya ile baridi. Nikauweka uso wangu pale ulipokuwa wake.

"Sogea karibu."

Nikasogea.

Taa ikawa ya kijani.

"Ran Bolin. Kazi imekwisha. Safari njema."

Nyuma ya shingo yangu mtu akashusha pumzi, pumzi ndefu ya aliyetua mzigo.

Sikugeuka. Nikalikumbatia lile shati, nikafungua mlango wa ngazi. Ngazi za jengo lile hazina madirisha, na taa zake huamshwa na sauti: ukikohoa, au ukipiga mguu, inawaka moja, ukinyamaza, inazimika. Nikapiga mguu.

"Ran Bolin, twende nyumbani."

Hatua moja nyuma yangu. Soli ya mpira, laini.

"Ran Bolin, shika ukuta. Ran Bolin, hapa kuna kona."

Ghorofa ya kumi na saba. Ya kumi na tano. Magoti yalianza kuwaka moto. Kifua kilinibana, na machozi yaliingia mdomoni. Nilikuwa sijalia tangu mazishi, nikalia pale. Ghorofa ya kumi na mbili sauti ikakatika, sikuweza tena kulimaliza jina lake.

Nikasema lililokuwa jepesi.

"Mwanangu... twende nyumbani. Mwanangu, shuka. Mama amekuja."

Nilishuka hivyo ghorofa tatu nzima.

Kwenye ya tisa nikasimama kuvuta pumzi. Nilikaa kimya, na taa yangu ikazimika. Lakini ukutani mbele yangu palibaki na mwanga. Ulitoka juu. Taa ya ghorofa ya kumi ilikuwa inawaka. Na ya kumi na moja. Na ya kumi na tatu. Na nyingine juu zaidi.

Miguu.

Haikuwa ya mtu mmoja. Nilisikia viatu vya visigino virefu. Nilisikia ndala. Mtu alikohoa kwa adabu, kama anayeogopa kumsumbua bosi. Ghorofa ya saba, mlango nilioufunga kwa mkono wangu mchana ule ulifunguka nyuma yangu, taratibu...

"Ran Bolin!" nikapiga kelele. "Ran Bolin! Ran Bolin peke yake!"

Nilikuwa nimechelewa. Jengo lile lina ghorofa ishirini na nane, na kila ghorofa ina mashine yake. Mimi nilipita katikati yake nikiita mwanangu, mwanangu. Nani asiyeitika akiitwa hivyo?

Chini, Mzee Mou alinifungulia mlango wa kioo.

"Ulinitia wasiwasi, Shangazi. Haya, heri ya Mwaka Mpya."

Nikapita. Baridi ya mtaani ikanipiga usoni. Sikusikia mlango ukifungwa.

"Heri ya Mwaka Mpya," alisema tena Mzee Mou, si kwangu. "Nawe pia. Nawe, binti... Haya, haya, msisukumane. Ee, Shangazi! Mbona hukuniambia ofisi nzima ilikuwa bado juu?"

Sikugeuka. Baadaye nilijiambia kwamba alikuwa amekunywa. Pengine ni kweli, kikombe kilikuwa kitupu.

Treni ya kwenda kwetu Qianjiang ilijaa hadi vyooni, lakini viti vilivyonizunguka havikukaliwa. Mtu alikuja, akatazama, akasema "samahani," akaenda kusimama mlangoni. Harufu ya mnanaa ilikuwa nami njia nzima. Ilinifariji mpaka nilipokumbuka kwamba chupa ile huuzwa kila duka, na kila anayekesha kazini anayo mfukoni.

Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya nilipika. Nyama iliyokaushwa kwa moshi, wali, kabichi. Nikaweka bakuli la Bolin na vijiti vyake vya kulia, nikamwashia Guanyin uvumba. Kabla sijakaa, vijiti vikaanguka chini.

Nikaviokota. Vikaanguka tena.

Nikaweka bakuli la pili. Vikaanguka. La tatu. La nne. Nilikuwa nasoma sala na kupakua, kupakua na kusoma sala. Meza ilitulia nilipoweka la kumi na moja. Nikakaa. Mvuke wa mabakuli yote ukakatika kwa pamoja, kama mshumaa uliopulizwa.

Kulipokucha akaja Bibi Xiang. Aliishia uani, hakukanyaga kizingiti.

"Suhua, umeleta kijiji kizima!"

"Sauti ilinikatika, Bibi."

"Nina ufagio wa mpichi, mti wanaouogopa wafu. Ufagie mara moja tu kutoka ndani kwenda nje, wote wataondoka."

"Na Bolin?"

"Ufagio hauchagui."

"Basi nionyeshe ni yupi, nimshike mkono kwanza."

Akachungulia ndani, juu ya bega langu. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Nitajuaje?" alisema. "Wote wanakutazama wewe."

Nikamwambia aende na ufagio wake. Alinionya mbele ya majirani, na majirani sasa hawaji kwangu jua likishuka. Siwalaumu. Jioni ni ngumu. Saa kumi na mbili na nusu miguu huanza uani, inakwenda hadi njia kuu, inasimama, inarudi. Wanatafuta kwao. Nimewaomba kila mmoja aniambie jina lake, nimtafutie mama yake hata kama ni mbali. Hawasemi. Nadhani kwa wafu jina ni kitu cha kwanza kupotea. Basi nawasomea sala wote, na kila siku napika kidogo kuliko jana, maana zile elfu moja na mia tano haziji tena.

Kumfukuza mmoja siwezi. Mmoja wao ni wangu.

Jana jioni nilipakua mabakuli kumi na moja kama kawaida. Uani palikuwa kimya mno. Nikakaa na bakuli langu, nikainua mkono nile, na upande wa pili wa meza vijiti vikaanguka.

Nikaviokota.

Vikaanguka.

Nikaenda kabatini kutafuta bakuli la mgeni wa kumi na mbili. Hapakuwa na bakuli lililobaki. Nikarudi mezani, nikalifuta langu ukingoni kwa kitambaa, nikalisukuma kule.