Njia ya Ukingoni

Jumamosi za Aprili mji wetu wa jangwani, Moab, haumfai mtu mwenye haraka. Wageni wanamiminika na baiskeli zimening'inia nyuma ya magari, na ikifika alasiri foleni ya mpira wa kuoshea baiskeli, nyuma ya duka la barabara kuu, inazunguka mpaka mlangoni kwa jirani. Kila aliyesimama hapo ni mwekundu. Vumbi la kwetu likishaingia kwenye soksi nyeupe, isahau rangi hiyo.

Siku hiyo Marisela Archuleta alikuwa kwenye foleni hiyo, kaptura yake ya kijivu ina kiraka, fulana ya kazi imepauka mabegani, nywele nyeusi amezisuka mkia mmoja uliojaa mchanga. Kazi yake, yeye na kikosi chake, ilikuwa kutengeneza njia za baiskeli jangwani kwa sururu na mikono. Mbele yake mwanamume mrefu mwenye ndevu za rangi ya asali, jezi ya bluu imembana kifuani, alikuwa ameelekeza maji ya kasi katikati ya gurudumu.

"Kaka, unaiosha au unaiua?" Marisela aliuliza.

Mwanamume akageuka. "Samahani?"

"Maji ya nguvu hayapigwi hapo. Yanasukuma mchanga ndani ya gololi. Wiki ijayo hiyo baiskeli italia kama paka."

"Ningejuaje?"

"Ungeuliza."

"Basi nauliza. Unaitwa nani?"

Foleni nzima ikacheka. Marisela naye alicheka, ingawa hakutaka, akataja jina lake. Yule akajitambulisha kuwa Thatcher Lund, daktari wa meno, aliyehamia kutoka Salt Lake msimu wa vuli uliopita.

"Na wagonjwa wako unawapiga maji hivyohivyo?"

"Sijasikia mtu akilalamika."

"Watalalamikaje na umewajaza pamba mdomoni?"

Kitu kimoja Thatcher hakukitaja, maana hakuwa mtu wa kujisifu. Msimu ule ule aliohamia aliwashinda vijana wetu wote kwenye mashindano ya baiskeli, na tangu hapo maelfu ya watu walikuwa wakifuatilia safari zake kwenye simu. Alipopita yeye, nao walitaka kupita.

Wiki ile ile Thatcher akaanza kumpigia Marisela simu.

"Daktari, jua lenyewe halijatoka."

"Nataka kujua tu kama leo unachimba au unaendesha."

"Nachimba. Kwa nini?"

"Nilitaka kusikia sauti yako kabla ya kusikia ya mashine ya kutoboa meno."

"Maneno matamu hivyo yanaozesha meno, unajua?"

"Najua pa kuyatibia."

Jumapili waliendesha pamoja. Thatcher alikuwa na mapafu ya farasi, lakini miamba yetu haijali mapafu, na kwenye ngazi moja ya mawe alirushwa juu ya usukani akatua kwenye mchanga. Marisela alikuwa amekaa juu kivulini, anakula tamale, unga wa mahindi na nyama uliopikwa ndani ya maganda ya mahindi.

"Umeumia?"

"Heshima tu."

"Hiyo itapona. Simama, mpenzi."

Neno lilimponyoka. Wote wawili walilisikia, na hakuna aliyelirudisha. Thatcher alipanda pale alipokuwa Marisela, uso mwekundu kwa vumbi na kwa sababu nyingine, akaomba kipande cha tamale. Alipewa kikubwa.

Mwisho wa Mei Marisela aliamua kumwonyesha alichokuwa hajamwonyesha mtu. Kwa miaka minne alikuwa akiiomba ofisi ya ardhi ruhusa ya kutengeneza njia mpya kando ya ukingo wa genge, njia aliyoitembea kwa miguu mpaka akalijua kila jiwe. Jibu lilikuwa karibu. Sharti lilikuwa moja: mpaka ruhusa itoke, asipeleke mtu, wala gurudumu lisikanyage pale. Alivunja nusu ya sharti hilo kwa sababu alikuwa anapenda, na mtu anayependa hataki kuona kitu kizuri peke yake.

"Kanyaga ninapokanyaga mimi," alimwambia. "Mwamba, au mchanga wa korongo. Huo mweusi usiuguse."

Udongo ule mweusi wenye vinundu, kama ukoko wa wali, ni udongo hai, umejaa vimea vidogo mno. Ndio unaoshikilia jangwa lisipeperuke. Mguu mmoja unauharibu kwa miaka na miaka, na watoto wa kwetu wanafokewa kwa kuukanyaga kabla hawajafundishwa kuvuka barabara.

Walifika ukingoni jua likiwa limelala upande mmoja, genge lote jekundu, mto mwembamba huko chini.

"Hii ndiyo," Marisela alisema. "Nikiipata, nitakuwa nimefanya kitu duniani. Nikiikosa sijui, Thatch. Sitaki hata kufikiri."

"Utaipata."

"Usimwambie mtu kwamba nimekuleta."

"Nimwambie nani? Watu wangu wote wana pamba mdomoni."

Thatcher alimbusu pale pale, taratibu, mkono wake ukiwa nyuma ya shingo iliyoungua jua. Na ahadi yake aliitimiza, hakumwambia mtu. Lakini mkononi alivaa saa iliyohesabu kila hatua na kuichora kwenye ramani, na siku aliyoinunua aliiamuru iwatumie wafuasi wake kila safari bila kumuuliza. Ikatuma. Thatcher hakuitazama simu jioni ile, alikuwa na mambo bora ya kutazama.

Siku chache baadaye Marisela alirudi ukingoni peke yake. Alichokikuta kilimfanya akae chini. Alama za matairi zilikuwa zimepita huku na huku, zimeukata udongo mweusi, zimezunguka mawe, zimerudi. Wakati amekaa hapo, akatokea kijana mgeni anaendesha, uso umejaa furaha.

"Dada, hii njia ni kiboko," alisema. "Nimeiona kwa Lund."

Marisela alimwomba ashuke, atembee juu ya mawe mpaka korongoni. Alimwomba kwa adabu. Kisha akapiga simu.

"Thatcher."

Siyo daktari, siyo mpenzi. Thatcher, aliyekuwa kazini ameshika mashine, alisimama wima.

"Kuna nini, kipenzi? Nina mgonjwa kwenye kiti."

"Njia yangu iko kwenye simu za watu. Wamekupigia makofi mpaka basi. Hukuweza kusubiri hata tufike mjini?"

"Mari, sijaweka kitu chochote."

"Jina kwenye ramani ni la nani?"

Thatcher akaikumbuka saa. "Mungu wangu. Inajituma yenyewe. Nilisahau, Mari, naapa nilisahau."

"Ulisahau kitu kilichokupa jina? Nilikuambia hii njia ni nini kwangu, ukanibusu, ukaenda kuitangaza upate sifa. Usinipigie tena."

Mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti, mama mmoja wa mtaa wetu, alisikia kila neno la daktari akiwa kaachama. Ganzi ilipoisha tu, mji mzima ukajua ni saa ya nani iliyoitangaza njia. Tulimsema vibaya yule daktari, na sitakataa kwamba mimi pia nilimsema.

Thatcher aliifuta ile ramani, lakini alama za matairi ziliendelea kuwaita wengine. Hakumpigia Marisela, kama alivyoamriwa. Aliifungua simu yake mara nyingi, akaandika, akafuta. Marisela naye alilala na simu mkononi huku akijiambia kwamba ni kwa ajili ya kengele ya asubuhi.

Ofisi ya ardhi ilisimamisha ombi na kuita mkutano. Ukumbi wa mji ulijaa mpaka wengine wakasimama ukutani, harufu ya mafuta ya jua na kahawa. Marisela alivaa gauni la kijani ambalo hatukujua analo. Bi. Renfro wa ofisi ya ardhi, mwanamke mkavu mwenye miwani kwenye kamba, hakupoteza muda.

"Njia hii iliombwa kwa sharti," alisema. "Kama mwombaji ndiye aliyempeleka mtu kule, ombi limekufa leo. Nataka kujua huyo mtu alifikaje."

Marisela alisogea mbele kwenye kiti chake. Kabla hajanyanyuka, kiti kiligonga ukuta huko nyuma.

"Ni mimi," Thatcher alisema. Alikuwa amekonda, suruali yake ina wekundu magotini. "Nilimfuata bila yeye kujua. Nilijificha nyuma ya mawe. Yeye hana kosa."

Watu waliguna. Daktari wa meno, tena mwenye jina, anajivua nguo mbele ya mji mzima. Bi. Renfro alimtazama, akaanza kuandika. Marisela aliiona njia yake imekuwa salama. Ilikuwa imebaki yeye kunyamaza tu.

"Anadanganya," alisema, amesimama. "Na hajui kudanganya. Huyu hawezi kujificha nyuma ya jiwe, mtazameni urefu wake. Nilimpeleka mimi. Nilimshika mkono."

"Mari, kaa," Thatcher alisema.

"Kaa wewe."

Hakuna aliyecheka. Marisela alikuwa analia bila kujifuta, mikono imeshika kiti cha mbele. Bi. Renfro aliivua miwani.

"Nilikwenda kule jana," alisema. "Alama nyingi za matairi zimefutwa, na matawi makavu yamepangwa kuzuia watu. Kikosi chako kimefanya hivyo?"

"Hapana," Marisela alijibu. "Nilidhani ni watu wenu. Matawi yamepangwa ovyo."

Kisha akaitazama mikono ya Thatcher. Ilikuwa imechanika mpaka kwenye viwiko, mikwaruzo mipya juu ya ya zamani. Kila alasiri, baada ya mgonjwa wa mwisho, alikuwa anapanda korongoni na reki, anasimama juu ya mawe, anafuta alama moja moja. Marisela alifumba macho. Aliona aibu, na chini ya ile aibu aliona kwamba bado anampenda mtu huyu kupita kiasi.

Bi. Renfro alishauriana na wenzake kwa kunong'ona.

"Ningeweza kukataa," alisema mwishowe. "Lakini mtu aliyesema ukweli unaomgharimu nitamkabidhi jangwa. Njia ihamishwe juu, ipite kwenye mwamba mtupu. Haitafunguliwa mpaka mwaka kesho. Na nataka walinzi wawili watakaoitunza miaka kumi. Anayefikiria kuhama asinipotezee muda."

"Mimi," Marisela alisema.

"Wa pili?"

Mikono kadhaa ya kikosi ilianza kupanda. Thatcher hakuuinua wake. Aliinamisha kichwa.

"Muulizeni daktari," Marisela alisema, "kama ana haraka ya kurudi Salt Lake."

"Sina haraka," Thatcher alijibu.

Nje, chini ya miti ya barabara kuu, walisimama kila mtu kivyake, kama watu wasiojuana.

"Bado nimekukasirikia," Marisela alisema.

"Najua."

"Na matawi unapanga kama mtu anayetupa takataka. Jumapili nitakufundisha."

"Sawa."

"Nitakukasirikia mpaka Oktoba."

"Oktoba si mbali," Thatcher alisema. "Baada ya Oktoba je?"

Marisela alichezea mkia wa nywele zake. Nyumbani kwao binti haposwi barabarani. Mwanamume huja na wazazi wake, anakaa sebuleni, anatetemeka mbele ya watu.

"Baada ya Oktoba uje kwa mama yangu. Vaa shati lenye vifungo, na uje na wazazi wako."

Thatcher akauchukua mkono wake, naye akauacha uchukuliwe.

"Ila wazazi wako dini yao ya huko Salt Lake haiwaruhusu kahawa," Marisela alisema, amekunja uso. "Sasa mama atawachemshia nini?"