Komeo la Chapwa

Hili lilimkuta rafiki yangu Tupokigwe, na hadi leo akilisimulia hushusha sauti. Alikuwa Australia mwaka wa pili, akimlelea dada yake mapacha. Kila jioni alizunguka mtaani na daftari, akiandika ndege aliowaona, kisha akampigia mumewe Nsajigwa, kule nyumbani Chapwa, amsimulie. Jirani yao, Frida, ndiye aliyeachiwa kumpikia Nsajigwa.

Jioni hiyo Tupokigwe alishika njia ya msituni, nyuma ya nyumba za mwisho. Chini ya miti giza lilishatanda. Ndege mmoja mwenye mkia mrefu alikuwa akiiga msumeno, akaiga mbwa. Wenyeji walishamwambia: yule huiga tu alichokisikia kwa masikio yake.

Ndege akanyamaza. Kisha akakohoa kikohozi cha Nsajigwa.

"Hodi, mama," akasema, kwa sauti ileile ya Nsajigwa akirudi kazini.

Tupokigwe nusura aitike. Ndege akamtangulia, kwa sauti ya Frida:

"Karibu, baba. Ingia ufunge."

Halafu likasikika komeo la mlango wa Tupokigwe mwenyewe, lile linalolia kwa kutu, ambalo kwa miaka sita alimwomba mumewe alitie mafuta. Safari hii halikulia. Liliteleza laini, likagonga mwisho kwa mlio wake uleule: tak.